Sauti ya Siku ya Maji

Ukisema hapa mtaani Ziwani kwamba kazi yako ni kutengeneza programu za kompyuta, swali la kwanza ni kama unaweza kumrudishia mtu akaunti iliyoibwa. Swali la pili ni unalipwa na nani. Hilo la pili limenitesa miaka yote, kwa sababu nusu ya kazi yangu inalipwa na nusu nyingine hailipwi. Karakana za eneo la viwanda la Baba Dogo hunipa kazi ya kuwawekea mifumo ya kufuatilia bidhaa, na hiyo ndiyo hununua unga. Muda unaobaki naandika programu huria na watu waliotawanyika duniani ambao sijawahi kukutana nao. Tukimaliza, yeyote anaruhusiwa kuichukua bure, kuisoma ndani ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumpa jirani.

Nikieleza hivyo watu hunitazama kwa huruma. Siku moja msusi wangu alisimamisha mkono katikati ya msuko.

"Na ikiharibika nampigia nani?"

"Humpigii mtu. Unaandika shida yako, na mmoja wetu akipata nafasi anakujibu."

"Ai! Hiyo si biashara," akasema, akaendelea kunivuta nywele. "Hiyo ni kanisa."

Ndugu yangu mdogo, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa upande wa msusi. Yeye huamini kitu chenye mwenyewe, chenye ofisi na namba ya simu, ili siku ikikorofisha kuna mtu wa kufokea. Simu yake imeibwa mara mbili, na mara zote mbili alinunua nyingine, akaingiza namba yake, na picha zake zote zikarudi kutoka ghala la kampuni. Kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Tulibishana juu ya jambo hilo kila alipokuja kula kwetu, na sikumbuki hata siku moja ambayo mmoja wetu alisogea.

Aliyekuwa upande wangu ni mama peke yake. Sisi tulimwita Mwaitu, kama Wakamba wengi wanavyowaita mama zao. Alikuwa karani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na alijua kinachoyapata mambo ya watu yakishaingia kwenye kabati la mtu mwingine. "Nimeona mafaili ya watu yakifungiwa maandazi," alizoea kusema, na alisema bila kucheka. Nilipotaka kumwekea simu yake mfumo huria, usio na akaunti ya kampuni wala ghala la mbali, aliniuliza jambo moja tu.

"Nikiongea kitu humu ndani, nani anasikia?"

"Hakuna. Hata mimi sisikii, Mwaitu."

"Basi weka."

Nikamfundisha kufunga simu kwa sentensi ndefu, si kwa mwaka wa kuzaliwa kama wafanyavyo wengine. Alifurahia sana. Alisema ya kwake hata shetani hataibahatisha.

Kisha koo likaanza kumuuma. Tulidhani ni vumbi la kiangazi, halafu tukadhani ni mafua, na mwishowe daktari akatuambia uvimbe umekaa pale pale sauti inapotokea na itabidi wakate hapo. Angepona labda, lakini hangeongea tena. Mwaitu alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akachukua mkoba wake.

Tangu siku hiyo mpaka alipofanyiwa upasuaji, kila tulipomaliza chakula cha mchana aliingia chumbani, akafunga mlango, akaongea na simu. Mimi nilikuwa sebuleni na kompyuta yangu. Niliisikia sauti yake ikipanda na kushuka, wakati mwingine ikiimba, wakati mwingine ikikohoa na kungoja, lakini maneno hayakunifikia. Nilipomuuliza anarekodi nini alinijibu, "Nikimaliza mtasikia." Sikumsumbua. Nilijua anatuwekea sauti kabla haijaenda, na nilijua siku moja nitaketi niisikilize yote. Kwa hilo tu niliweza kuvumilia kumwona akiamka bila sauti, na kitambaa shingoni, akitupigia makofi kutuita tukiwa chumba kingine.

Aliishi hivyo miezi kadhaa, nami sikuwa na moyo wa kuomba kusikiliza zile rekodi mbele yake hana sauti. Ugonjwa uliporudi ulirudi kwa hasira, na tukarudi wodini. Simu yake ilikuwa juu ya kabati dogo la kitanda, na hapo ndipo nilipoanza kuona nini kinakuja. Nikamvuta mama mdogo, dada yake Mwaitu, hadi kwenye baraza ya wodi, nikamwambia nataka kumwomba ile sentensi ya kufungulia simu, aniandikie akiwa bado ana nguvu mkononi.

Mama mdogo alinitazama kama nimemtukana.

"Unamwomba funguo, kwani anasafiri?"

"Ni sauti yake iko mle ndani."

"Ukimuuliza hivyo umemzika. Huo ni uchuro. Mgonjwa haulizwi vitu vya baadaye."

Hakuwa ananionea. Kwetu ndivyo ilivyo. Nimeona nyumba zikigombania shamba kizazi kizima kwa sababu hakuna aliyethubutu kumuuliza mzee karatasi ziko wapi akiwa kitandani. Niliijua hasara hiyo na bado sikuuliza. Nilirudi ndani, nikachukua kitana nikamchana nywele, na yeye akanishika kidole akanitazama sana. Pengine alingoja nimuulize. Hata leo sijui ningeanza kwa maneno gani. Alfajiri ya Jumapili akatutoka.

Matangani kila mtu alikuwa na maoni juu ya ile simu. Ndugu yangu alisema kuna msee, fundi wa soko la Muthurwa, anafungua simu zote, hata zilizotoka baharini. Nikamwambia asiiguse. Nikawaandikia watu wangu wa programu huria, na mmoja akanijibu siku hiyo hiyo, kwa upole na kwa urefu. Alinipa pole ya msiba. Kisha akasema kufuli lile limetengenezwa ili asiwepo mtu wa kulifungua ila mwenye simu, hata wao walioliunda hawawezi, na kwamba hakuna mlango wa nyuma. Nililijua hilo vizuri kuliko alivyodhani. Sentensi inayomwambia mtumiaji kwa Kiswahili kwamba hakuna mtu mwingine atakayesoma mambo yake niliitafsiri mimi mwenyewe, na siku nilipoituma nilijiona mtu wa maana.

Kwa hivyo simu ilibaki dirishani, imefungwa, kwenye chaja.

Mtaani kwetu maji huja Jumanne na Ijumaa, kabla hakujapambazuka, na jua likitoka huwa yamekwisha. Asiyeamka hakosi maji tu, anakosa siku zote zinazofuata mpaka yarudi. Zamani, akiwa mzima, Mwaitu alisema kengele za simu zinamlaza badala ya kumwamsha, basi akarekodi yake mwenyewe. Mimi, kwa mambo ya wodini na matangani, nilikuwa nimeisahau. Ijumaa ya kwanza baada ya kumzika, giza bado limetanda, simu iliyofungwa ikapiga kelele pale dirishani.

"Maji! Maji yamekuja, amkeni! Mnalala kama mmelipwa!"

Nilikuwa nimeshashuka kitandani na kujibu "Naam, Mwaitu" kabla sijakumbuka. Ilikuwa sauti yake ya zamani, nzima, ya kuita watoto kutoka uwanjani. Nikaketi sakafuni nikalia kwa sauti mpaka mfereji ulipoanza kupungua nguvu, ndipo nikakimbia na ndoo.

Tangu hapo sikuizima. Wala sikumwambia ndugu yangu, ambaye alishahamia Baba Dogo na hakuwahi kulala kwetu siku ya maji. Nilikuwa mchoyo nayo. Tena nilikuwa na hofu ambayo nisingeweza kumweleza mtu asinicheke: nilijua, kwa kazi yangu, kwamba simu ile ikizimika mara moja tu, ikiwaka tena itakuwa imejifungia kila kitu, na itaamsha kwa kengele ya kawaida iliyotoka nayo kiwandani. Sauti ingebaki ndani pamoja na zile nyingine. Basi niliilinda kama mtu anavyolinda moto siku ya mvua. Stima ikipotea nilikimbia kuichomeka kwenye betri ya akiba. Nikisafiri nilisafiri na wasiwasi, nikarudi mapema. Kuirekodi kwa simu nyingine niliona ni kukubali kwamba siku moja itazimika, na huo nao ni uchuro.

Kuta za nyumba zetu ni nyembamba. Mama wa mlango wa pili, anayeuza mboga Muthurwa na hawezi kwenda sokoni bila kuziosha, alikuwa ameacha kitambo kutega kengele yake. Hakuwa peke yake. Mstari mzima wa nyumba uliamshwa na mama yangu. Tulikuwa tukikutana mferejini na mitungi, macho yamevimba, na mtu akasema, "Leo ametuita kwa ukali," na wengine wakacheka kidogo. Walioniambia kitu kisicho na mwenyewe hakiwezi kutegemewa walikuwa wanategemea hicho hicho mara mbili kwa wiki, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani anakichaji. Nilikasirika kidogo kwa hilo. Pia nilifurahi.

Ibada ya kumbukumbu ilipokaribia, ndugu yangu alikuja nyumbani mchana mmoja nikiwa kwenye karakana moja ya madirisha ya chuma huko Baba Dogo. Ana ufunguo wake. Niliporudi jioni nilimkuta ameketi sebuleni, uso umejaa furaha niliyokuwa sijaiona tangu msiba. Mkononi alikuwa na simu ya Mwaitu, na kioo chake kilikuwa kimevikwa plastiki mpya.

"Sis, cheki. Imefunguka."

Nilichomoa simu mkononi mwake. Ilikuwa nyeupe tupu. Ilinisalimu kwa Kiingereza, ikaniomba nichague lugha.

"Nani aliifungua? Alifanya nini?"

"Aliiflashi tu, ikaanza upya. Yule msee wa Muthurwa. Alinishow vitu zote zitaenda, nikamwambia si noma, wewe toa tu, zitarudi. Nilitaka tumsikie mathe kanisani. Weka namba yake uone."

"Zitarudi kutoka wapi?"

"Si huko juu ndiko zinakaa. Zangu si zilirudi?"

"Zako kampuni ilikuwa imeziweka. Za Mwaitu hazikuwekwa popote. Zilikuwa humu tu."

Hakunielewa, au hakutaka. Aliichukua, akaingiza namba ya mama kwa kidole kinene cha dereva, polepole, tarakimu moja moja. Haikutokea kitu. Akafuta akaingiza tena.

"Kwani haikuwa inaweka mahali?"

"Hapana. Alikataa."

"Na wewe ukakubali?"

"Nikakubali."

Akaiweka mezani. Aliinamisha kichwa, na mabega yakaanza kumtikisika, mtu mzima mwenye lori na watoto wawili. Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilitafuta kwa macho kitu cha kumrushia. Nilitaka pia kumpata yule fundi, lakini fundi alisema wazi vitu vitaenda, akaambiwa aendelee. Nikawatafutia kosa wale wenzangu wa ng'ambo, nikakuta walitimiza neno lao bila kupunguza. Nikamtafutia Mwaitu kosa, Mungu anisamehe. Swali la msusi likanirudia, nampigia nani, na nikaona sina wa kumpigia.

Sikumwambia juu ya kengele. Yeye aliamini amepoteza rekodi ambazo hata hivyo hatukuwa na njia ya kuzisikia, na hilo tayari lilikuwa linamwua. Nilimpikia chai. Aliinywa akiwa amefumba macho, akaenda zake.

Usiku nilijaribu kurekodi kengele yangu. Nilisimama katikati ya chumba na ile simu tupu, nikasema, "Maji yamekuja, amkeni," nikajisikiliza. Nilisikika kama mtu anayeomba radhi. Nikaifuta.

Jumanne nililala mpaka jua likanipiga usoni. Nilikimbilia mfereji nikaufungua, ukakohoa hewa, ukanyamaza. Nje kulikuwa kimya kwa namna ambayo siku ya maji haiwi. Kisha milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja, na watu wakatoka na ndoo wakitazama mbinguni kuona saa. Mama wa mlango wa pili alikuja kwangu moja kwa moja, leso kiunoni, mtungi mtupu mkononi, na gunia la sukuma wiki ambalo halijaoshwa likionekana nyuma yake mlangoni kwake.

"Kwani leo mama yenu hakutuita?"

Wengine walikuwa wamesimama nyuma yake wakingoja jibu.

"Hataita tena," nikasema.

Akautua mtungi chini. Akaweka mikono yote miwili kichwani, kama alivyofanya siku ile gari la maiti liliposimama mbele ya nyumba yetu, na akaanza kulia.