Chembe Zisizoweza Kushika

Pale maabara walimwita Bi Vioo, kwa kuwa kwa miaka ishirini na sita hakumruhusu mtu mwingine aoshe vioo vyake vya hadubini. Alivisugua mwenyewe, akavisuuza kwa spiriti, kisha akavitazama kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha.

"Mumeo angepata nusu ya usafi huo angeota mabawa," wenzake walimtania.

"Mume wangu hapiti chini ya hadubini," alijibu bila kuinua kichwa. "Angepita, ningemsugua."

Asubuhi moja daktari wa wodi ya watoto, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, aliingia na karatasi ya majibu mkononi.

"Mama, mashine yako imelewa."

"Mashine hainywi. Soma tena."

"Chembe nyeupe za damu elfu themanini, kwa mtoto wa miezi mitatu, na kawaida hazifiki elfu ishirini. Na kidonda chake cha kitovuni kinazidi kuchimbika, lakini hakina usaha hata tone. Chembe zote hizo ziko wapi? Ama mashine imekosea, ama ni saratani ya damu. Ikiwa ni saratani, leo hii naanza dawa kali. Nikikosea, nitamuua."

Bi Vioo alikuwa amekwisha kuzihesabu kwa jicho lake, mara mbili. Idadi ilikuwa ile ile. Tena chembe zenyewe hazikufanana na za saratani. Zilikuwa zimekomaa vizuri. Akatoka akaenda ukumbini, ambako bibi wa mtoto alikaa kwenye benchi amempakata mjukuu wake.

"Dada, kitovu chake kilidondoka lini?"

Bibi aliinamisha uso. "Wiki ya saba, wakati cha wenzake hudondoka ya kwanza au ya pili. Majirani walisema binti yangu hajui kukisafisha. Na mimi nikamgombeza, Mungu anisamehe."

Bi Vioo akakitazama kidonda cha kitovuni. Alikumbuka somo moja la chuoni, la zamani sana. Chembe nyeupe husafiri ndani ya damu kwa kasi. Penye jeraha, ukuta wa mshipa huchomoza protini zake, na chembe nayo ina zake, zimejikunja juu ya ngozi yake kama viwiko. Kwanza chembe hubiringika ukutani, ikigusa na kuachia. Kisha ishara huipata, viwiko hunyooka, protini hukamata protini, na chembe husimama katikati ya mkondo. Hapo ndipo hujipenyeza nje hadi kwenye jeraha, na zikijazana huko ndizo zinazofanya usaha. Hata kitovu hudondoka kwa msaada wake. Lakini ikikosa protini moja tu ya kushikia, hupita. Huzunguka mwili mzima, hupita tena.

Akachukua damu ya mtoto iliyokuwa chupani na damu yake mwenyewe, aliyoivuta kwenye chupa kama hiyo, akadondosha kila moja kwenye kioo chake, akaviweka nusu saa kwenye kabati lenye joto la mwili. Alipovisuuza kwa maji ya chumvi, vyote viwili vilikuwa vitupu. Hata chembe zake mwenyewe zilikuwa zimekwenda na maji.

"Basi na wewe unaumwa, mama," daktari alisema.

Bi Vioo alikwisha kuvishuku vioo kuwa vina mafuta, jambo ambalo lingemnyima usingizi wiki nzima, ndipo macho yake yalipoangukia vifuniko vya zambarau vya zile chupa za damu. Akajipiga paji la uso. Dawa ya kuzuia damu isigande, iliyomo ndani ya chupa hizo, hunyakua kalsiamu na magnesiamu, na bila madini hayo protini zile hazishiki kitu.

"Mpumbavu mimi. Leta kidole chako, daktari. Tunataka damu mbichi."

Akamchoma daktari, akajichoma, akamchoma mtoto kisiginoni. Nusu saa tena. Damu ilipoganda aliiondoa taratibu, akasuuza, akapaka rangi. Kwenye kioo cha daktari chembe zilikuwa zimejitandaza kwa mamia, zimeng'ang'ania. Kwenye chake, vilevile. Kwenye kioo cha mtoto, alisogeza jicho kutoka pembe hadi pembe na hakuona ila uwazi.

Alimpisha daktari. Naye akainamia hadubini.

"Zinajua pa kwenda," daktari alinong'ona. "Hazina mkono tu."

Wapo wanaodhani maarifa hukaa kwenye majengo marefu yenye lifti. Siku ile yalikaa kwenye meza iliyokwanguka rangi, mbele ya mwanamke ambaye jina lake halijaandikwa kwenye kitabu chochote. Dawa za saratani hazikuanzwa. Mtoto alipewa za kuua bakteria, na barua ikaenda hospitali kubwa, ambako uboho wa dada yake wa miaka mitano, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu, ulionekana kumfaa, akapandikizwa.

Mwaka na nusu baadaye bibi aliingia mbio, mjukuu mgongoni, jasho likimtoka.

"Alianguka juzi, dada. Tazama goti. Limetunga usaha."

Bi Vioo akapiga magoti sakafuni. Akakitazama kile kidoti cha njano, kidogo kama punje ya mtama, hadi macho yake yakalowa.

"Ni vibaya?" bibi aliuliza.

"Zimefika," alisema. "Zimeshika, dada, na zimefika." Kisha akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Haya, mketishe hapo, nilete pamba. Usaha ni usaha, lazima usafishwe."