Mpiga rangi Kioo ajifunza kupaka kutu

Saa nne asubuhi, Jumapili. Mpiga rangi wa magari amekaa mezani sebuleni kwake, miwani imemshuka puani, na kati ya vidole viwili ameshika kipande cha sponji ya kuoshea vyombo kisichozidi punje ya mahindi. Mbele yake, juu ya gazeti la zamani, imesimama tagi, ile boti fupi nene inayokokota meli kubwa bandarini. Hii ni ya plastiki, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole.

Inang'aa. Mbavu zake nyeusi zimebeba taa ya darini, na ukiinama unajiona meno.

Anachovya sponji kwenye rangi ya kahawia, anaigonga kwenye gazeti mpaka inakuwa kama imekauka, anaisogeza kwenye ubavu wa kulia wa tagi. Mkono unasimama hewani. Anaurudisha.

"Mikono inakataa," anasema. "Tangu nijue kazi, kutu ni adui yangu. Leo nimkaribishe mwenyewe, tena sebuleni?"

"Mkaribishe tu," anajibu mkewe kutoka jikoni. "Na wewe kwetu uliingia hupendwi, mbona ulikaa ukala."

Mpiga rangi anacheka mpaka miwani inataka kuanguka. Utani huo una mizizi, na mizizi yenyewe ndiyo iliyomkalisha mezani asubuhi hii.

Kazini wanamwita Kioo. Ni jina alilopewa na wenzake kwenye karakana ya mabasi, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake unaweza kunyolea ndevu ubavuni. Basi huingia limetoboka kama chujio, yeye akaziba, akapiga msasa, akapuliza, likatoka kama bibi harusi. Chini ya rangi mabati ni yaleyale ya jana. Lakini wanaotoa amri ya kuziba badala ya kubadilisha mabati hawapandi basi, kwa hiyo hilo haliwanyimi usingizi.

Kazi hiyo ina vumbi na ina harufu. Barakoa anayopewa ni moja kwa mwezi. Ikichakaa, anajifunga kitambaa. Ofisini kwa meneja, ambako hakupulizwi hata marashi, kuna kipoza hewa.

"Siyo kwamba nalalamika," anasema, huku akilalamika kidogo. "Kazi naipenda. Ila mtu ukishinda kutwa ukitengeneza cha mtu, jioni unatamani kutengeneza chako."

Chake alikipata kwenye lundo la vitu vya mitumba, ndani ya kisanduku kilichobonyea: gari dogo la mashindano likiwa vipandevipande, la kujiunganishia mwenyewe, kila kitu kimepunguzwa kwa kipimo kimoja kuanzia usukani hadi kioo cha pembeni. Aliliunganisha kwa siku chache. Halafu akafanya kosa ambalo asingeweza kulifanya mtu mwingine isipokuwa mpiga rangi wa magari. Alichukua rangi ya karakana, akaichanganya na tina ya karakana, ile dawa kali ya kuzimulia rangi, akalipulizia kwa madaha.

"Nilienda kunawa mikono. Kurudi, nimekuta gari limenyong'onyea kama mshumaa. Mlango umeingia ndani, boneti limevimba. Tina ile haina shida na bati, ila plastiki ya namna ile inaila kama mchwa. Mimi, fundi wa rangi, nimeyeyusha gari kwa rangi."

Tangu hapo anatumia rangi za maji na brashi nyembamba, na ana subira. Kabati la sebuleni lina gari la zimamoto alilolifufua baada ya kulikuta halina ngazi, lori, na ndege ambayo gurudumu lake moja ni kifungo cha shati. Hata mgeni akionyeshwa halioni.

"Kibanio changu cha nyusi kimehamia kwake," anasema mkewe, akiweka vikombe vya chai mbali kidogo na tagi. "Rangi ya kucha nayo inapungua na kucha zangu sizioni. Namuuliza, ananiambia ni taa za nyuma za lori."

"Si ulisema nyekundu haikupendezi?"

"Nilisema mimi. Sikusema lori."

Wanagombana hivyo asubuhi nzima, na mikono yao haisimami. Nyumba yenye makelele ya namna hii haijui utajiri wake. Anayeujua ni yule ambaye kwake kumekuwa kimya.

Mwenye tagi ni baba yake mama huyu, baba mkwe wa Kioo. Mtaani wote wanamwita Nahodha, na kweli alikuwa nahodha wa tagi. Kioo alipokwenda kuposa, mzee aliuliza swali moja tu: "Nimemlea binti yangu aje alale na harufu ya tina?" Posa ilipokelewa kwa sababu mama mkwe alitia neno. Tangu siku ile, baina ya wanaume hawa wawili palikuwa na salamu na hali ya hewa. Mvua ikikatika, na mazungumzo yanakatika.

Mwezi uliopita Nahodha alikuja na boksi kwapani. Ndani yake mlikuwa na hiyo tagi, nusu imeunganishwa, gundi imegeuka njano, vipande vingine bado vimeshikana kwenye fremu yake. Alipewa zamani na fundi wa mashine wa meli moja ya kigeni aliyoikokota kwenye upepo mbaya. Haikuwa pacha wa chombo chake, ila ilikuwa ndugu wa karibu.

"Macho yangu yanaona ya mbali tu, ya karibu yamenikimbia," mzee alimwambia. "Nahamia kwa mwanangu wa kwanza. Nataka niende nayo. Nimalizie."

Kioo anasema kwa furaha hata hakumjibu vizuri. Alibandua gundi kuukuu kwa wembe, akanyoosha mlingoti, akatengeneza upya ngazi iliyovunjika kwa waya wa simu. Kisha akafanya anachokijua kuliko vyote. Akaipaka, akaisugua, akaipaka tena, akamalizia kwa vanishi mpaka ikawa kama imechovywa kwenye asali. Jumatano jioni akaipeleka kwa mzee, kifua mbele.

Nahodha aliishika kwa mkono ulionyooka, kama mtu anayesoma gazeti la jirani.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Ila hiki si chombo changu. Hiki ni chombo cha wakubwa."

Ndipo akamsimulia mkwewe jambo ambalo hata binti yake hakuwa amelisikia lote.

Mwaka ule alikuwa anakuja mgeni mkubwa kukagua bandari. Tagi ilikuwa imeliwa na kutu mpaka mabaharia wakiegemea wanainuka na suruali za kahawia. Kwenye makaratasi, ilitolewa rangi ya chombo kizima. Iliyofika gatini ilitosha ubavu mmoja. "Nyingine sijui iliishia wapi," mzee alisema, "ila mwaka ule mageti ya nyumba za wakubwa yote yalikuwa meusi."

Wakaupaka ubavu wa kushoto. Nahodha akaamriwa afunge chombo ubavu huo ukitazama gati, na asikigeuze mpaka mgeni aondoke.

Mgeni alikuja, akapendezwa. Akasema, "Nahodha, hebu kitembeze kidogo tukione." Mkuu wa bandari, aliyekuwa amesimama nyuma ya mgeni, akatikisa kichwa.

"Mimi nikakitembeza," alisema Nahodha. "Nikakigeuza duara zima, taratibu, kwa adabu zote. Kama kuna anayejua chombo kinavyotembea ubavu mmoja, anifundishe."

Wiki iliyofuata alishushwa kwenye usukani akapelekwa stoo ya kamba, akakaa humo mpaka kustaafu. Huko ndiko alikoanzia kuiunganisha tagi ya plastiki, na huko ndiko alikoiachia njiani. Mkuu yule alipandishwa cheo. Hilo halimshangazi mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa.

"Nilikuwa mdogo," anasema binti yake sasa, akikoroga chai ambayo sukari imeshayeyuka siku nyingi. "Nilifurahi tu kwamba baba anarudi mapema. Nilikuwa namnusa, hanuki dizeli tena, ananuka kamba. Sikuuliza."

Nahodha alimpa mkwewe kazi moja: ubavu wa kushoto auache unavyong'aa, ubavu wa kulia autie kutu.

Hapo ndipo shida ilipo. Boksi jingine la tagi hii Kioo hajawahi kuliona popote. Kutu ikikaa vibaya itaonekana kama matope, na ukiifuta unaondoka na vanishi na rangi ya chini. Gari la mtoto wa kwanza linakuja kumchukua mzee leo mchana. Na huyu ni mtu ambaye kwa mara ya kwanza amemwomba mkwewe kitu.

Alhamisi na Ijumaa Kioo alikwenda kusoma. Darasa lilikuwa nyuma ya karakana, kwenye mabasi yaliyokufa. Alichuchumaa mbele ya bati bovu, akaliangalia bila msasa mkononi.

"Jamani, Kioo amepatwa na nini," mmoja wa mafundi aliwaambia wenzake. "Anaiangalia kutu kama anataka kuiposa."

"Mwacheni," akasema mwingine. "Kuposa anaweza. Shida yake ni kupokelewa."

Aliwaacha wacheke. Aligundua kwamba miaka yote aliikwangua kutu bila kuijua sura. Haianzi popote tu. Inaanza palipo na msumari, palipo na mshono, mahali maji yanapopata pa kulala. Kisha inashuka kwa kufuata njia ya maji, nene juu, nyembamba chini.

Saa tano inapita. Kioo anachovya tena sponji, anaikausha kwenye gazeti. Safari hii mkono haurudi. Anagusa chini ya dirisha dogo la mbele, anagusa tena, anaachia. Doa limekaa. Anachukua kijiti chenye pamba, anakilowesha spiriti kidogo, analivuta doa kuelekea chini kwa pumzi moja.

Mkewe amesimama nyuma yake, kijiko mkononi.

"Ee," anasema, kwa sauti ndogo. "Hiyo nimeiona. Kwenye suruali ya baba."

Baada ya hapo inakwenda. Kutu inatoka kwenye misumari, inatambaa chini ya reli, inateremka kwenye tairi kuukuu zinazoning'inia ubavuni kuzuia mgongano. Vanishi ya asali inakufa polepole. Kioo ameuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika, na uso wake ni wa mtu aliyeshiba.

Nahodha anafika saa nane, kofia kichwani, begi limebaki kwenye gari. Hakai. Anaichukua tagi, anakwenda nayo dirishani, ananyoosha mkono. Ubavu wa kushoto, anautazama. Kisha anaigeuza.

Nje mtoto wake anapiga honi, binti anatoka kwenda kumnyamazisha.

"Chini ya tundu la nanga," mzee anasema. "Hapa ilishuka zaidi. Mpaka majini."

"Nitaongeza, baba. Dakika moja tu."

"Nipe brashi."

Kioo anampa. Macho ya mzee, kama alivyosema mwenyewe, ya karibu hayaoni. Mstari wa kahawia unaanza vizuri, unapinda, unavuka mpaka na kuingia kwenye rangi nyekundu ya sehemu inayozama majini. Kioo amekwisha kushika kijiti cha pamba. Miaka yote ya kuitwa Kioo iko kwenye vidole hivyo viwili. Anakiweka chini.

"Vipi?" anauliza Nahodha.

"Imekaa, baba."

"Naijua. Hata yenyewe ilipinda hivyohivyo."

Wanaifunga pamoja, kwenye boksi lililojazwa nguo kuukuu za watoto. Kioo anauliza huko aendako itakaa wapi. Juu ya televisheni, mzee anajibu. Na ubavu upi utatazama wageni?

"Nitakuwa naigeuza," anasema Nahodha. Anakataa boksi lisiwekwe nyuma ya gari, analipakata, na gari linaondoka.

Kioo anabaki mlangoni mpaka linakata kona. Akirudi mezani, hakai bure. Anachora kwa penseli pembeni mwa gazeti. Ni basi, moja ya yale aliyoyapuliza mwezi huu. Boksi la basi kama hilo halipo, kwa hiyo atalikata mwenyewe kutoka kwenye plastiki ya madumu, na abiria wote atawachonga wakae kwenye viti vyao. Likikamilika ataomba liwekwe kwenye dirisha la ofisi wanapokatia tiketi.

"Wakubwa wakikubali," anasema. "Wasipokubali litakaa hapa, watu waje waliangalie. Nitalitengeneza kama nilivyolipokea, na matundu yake, siyo kama nilivyolirudisha."