Kiti cha Mama Kwenye Boriti

Nyumbani kwetu Lushebere kiti kilikuwa hakikai chini. Kilining'inia juu ya moto, miguu ikitazama nyasi za paa, kimefungwa kwenye boriti kwa kamba za mgomba. Mgeni aliyeingia mara ya kwanza alikwepa kichwa, kisha akauliza. Mama aliwajibu wote jibu lile lile: "Iko ya kukalia. Wakati yake haiyafika."

Nyanya, mama yake Mama, alifia shambani. Mama ndiye aliyemkuta, amelala kifudifudi kati ya maharage, mkono bado umeshika mpini wa jembe. Tangu siku hiyo aliapa kwamba yeye atakaa kabla ya kufa. Msinielewe vibaya, hakuwa mvivu. Nimeishi miaka mingi na sijaona mwanamke aliyelima kama yeye. Lakini neno "kukaa" kinywani mwake halikuwa na maana ya kuishi mahali. Lilikuwa na maana ya kuweka makalio juu ya kiti, mgongo umeegemea, jua likiwaka, wengine wakilima, na chakula cha jioni kikiwa chake mwenyewe.

Baba alifariki nikiwa mdogo, na baba mdogo wetu alikuwa akingoja. Kwa desturi, mjane akiishiwa nguvu anahamia nyuma ya jiko la shemeji yake, na shamba linamfuata. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa subira tu, na subira yake ilinichukiza kuliko ubaya. Kila mavuno alipita kwetu, akanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akainua macho kwenye boriti.

"Shemeji, kiti ingali mbinguni? Kuya tu ukae kwangu."

"Kwako sitakaa," Mama alimwambia. "Kwako nitachutama."

Kiti chenyewe alikinunua katika miaka ya vita ya wazungu. Migodi ya bati kule Walikale ilikuwa inachukua wanaume wengi, wanaume wale walikula maharage, na maharage yalikuwa yetu sisi watu wa milimani. Wachuuzi walipanda hadi mlangoni kuyatafuta. Wanawake wenzake walinunua vikwembe vipya, nguo za kujifunga, wakang'aa misani. Mama alikwenda kwa seremala wa misioni akamwambia ampimie kiti chenye mgongo. Seremala alicheka, kwa kuwa mwanamke hukalia kigoda. Mama akanyoosha mguu mbele yake, mguu mrefu wenye matope ya shamba.

"Pima. Toka goti mpaka kisigino. Usiniibie hata kidole."

Mimi nilikasirika, maana nilikuwa msichana mkubwa na kikwembe changu kilikuwa kimechakaa. Nilimuuliza sababu ya kununua kiti asichokikalia. "Kitu ya uzee inanunuliwa wakati ya nguvu," akasema. "Bei iko inapanda kila siku. Lakini kiti ikishaingia mu nyumba, haiwezi kupanda tena." Akacheka mwenyewe, kwa sababu saa hiyo hiyo kaka yangu alikuwa anakipandisha kwenye boriti, ili moshi ukilinde na wadudu.

Kiti kingeshuka kwa sharti moja. Mama alitaka mwaka mzima, toka mavuno ya maharage mpaka mavuno kama hayo, ambao angeishi kwa akiba yake bila kuuza wala kula mbuzi jike hata mmoja. Watoto wa mbuzi ruhusa, mama zao marufuku. "Muntu anakula batoto," alisema. "Akigusa mama, njo amejikula mwenyewe." Mwaka huo ukitimia bila kasoro, angejua kwamba akiba inaweza kumlisha akiwa amekaa. Alianza kujipima mapema, angali na nguvu, na kila mwaka ulikuwa na kasoro yake.

Kwanza mafranka, pesa ya siku zile, yalimchezea. Kaka alikuwa anachimba bati karibu na Mpofi, na kila aliporudi alileta pesa kidogo. Mama alizitia katika mkebe wa maziwa akazifukia chini ya jiwe la mafiga. Vita ilipokwisha alizifukua tukaenda sokoni. Pesa ambayo zamani ingetuvisha sisi wawili na kubakiza ya mafuta, sasa ilimvisha yeye peke yake.

"Kikwembe imekuwa kubwa?" akamuuliza mchuuzi.

"Hapana, mama. Iko ile ile."

"Basi feza njo imekuwa kidogo."

Tulipofika chini ya kilima chetu akasimama. "Niliifukia kama mbegu," akasema, "na feza haioti." Wiki hiyo hiyo mkebe wote uligeuka mbuzi, juu ya wale wachache aliokuwa nao.

Mbuzi hakuwaweka pamoja. Wengine walikaa kwetu, wengine kwa dada yake kule Burungu, wengine aliwateremsha mpaka Mpofi kwa wakwe wa kaka yangu, watu wa msituni. Kwa desturi yetu anayekutunzia mbuzi anapata mtoto mmoja na wewe mmoja, kwa zamu. Mara kwa mara Mama alishuka huko kuwaona, kikapu cha maharage mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, akarudi miguu imevimba. Nilimgombeza. Mbuzi wanaotembelewa namna hiyo, nikamwambia, wamegeuka wakwe.

"Chui iko na tumbo moja," akanijibu. "Haiwezi kula Burungu na Mpofi usiku moja."

Akiba yake ya mwisho ilikuwa pembeni mwa nyumba: majembe yaliyochakaa. Wakati wa vita majembe mapya yalikuwa adimu dukani, na mhunzi alikuja kuomba yale ya zamani ayageuze visu. Mama alimkatalia. Chuma hakiozi, alisema, bei itapanda zaidi. Vita ikaisha, duka likajaa majembe mapya, na mhunzi hakuonekana tena. Hapo Mama alikosea, na mimi nilimcheka wazi wazi. Rundo lilibaki pale likipata kutu, na kila jembe lililoliwa na udongo aliliongeza juu yake, kwa ukaidi tu.

Kisha ukaja mwaka mbaya. Homa iliwaua mbuzi wa Burungu, ikahamia kwetu ikawamaliza. Migodi ikapunguza watu, bei ya maharage ikaanguka, na yale aliyokuwa ameyahifadhi akingoja bei nzuri yalitobolewa na fukusi. Baba mdogo alifika kumwita kwake kabla hata harufu ya mizoga haijaisha. Wale wa Mpofi tu ndio waliobaki, na ili tule ilibidi Mama auze jike mmoja. Usiku ule nilimsikia akilia. Sikuwahi kumsikia kabla, na nilitamani kumpiga mtu, sijui nani.

Asubuhi nilipoamka alikuwa tayari shambani.

Nampenda Mama kwa mambo mengi, lakini kwa asubuhi ile namheshimu. Hakulalamika, hakumlaani mtu, hakukishusha kiti akiuze. Aliwarudisha mbuzi milimani mmoja mmoja, watoto wa wale wa Mpofi. Maharage hakuyalimbikiza tena kungoja bei; aliuza kidogo kila soko, ili soko moja likimwangusha jingine limwinue. Aliposhika mafranka, hakuyaacha yalale mpaka yapungue. Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha Mama kilikuwa na tundu, na bado alikijaza.

Mimi niliolewa, nikahamia kilima cha jirani, nikazaa. Miaka ikaenda. Kisha mavuno ya mwaka mmoja Mama alituita, kaka na mimi, akasema mwaka umetimia. Hakuna jike aliyeuzwa. Shamba lingelimwa na binti wa jirani kwa nusu ya mazao. Baba mdogo naye alikuja, mkongojo mkononi, akasimama uani.

Kaka alipanda akakata kamba. Kiti kilikuwa cheusi kama chungu. Tulikisugua kwa majivu, tukakiweka mlangoni, kikitazama shamba. Mama alijifunga kikwembe vizuri, akageuka, akakaa. Mgongo ukaegemea. Akafumba macho.

Ndipo nikaona miguu yake. Haikufika chini. Ilining'inia hewani kama ya mtoto kanisani.

Seremala hakuwa amekosea. Kiti kilikuwa kile kile, cha mwanamke mrefu aliyenyoosha mguu misioni. Kila kitu kilikuwa kimepanda bei miaka ile yote, na Mama alikuwa amepungua. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameona. Niligeuka upande ili asinione nikilia. Hata baba mdogo aliangalia chini.

Kaka akasema ataleta msumeno apunguze miguu ya kiti.

"Acha," Mama akasema. Alikuwa amefumbua macho anaitazama miguu yake, na nadhani aliumia. "Sikungojea yote hii juu ya kukaa chini-chini." Akanitazama mimi. "Leta bile majembe."

Nikayatoa, yale yasiyo na mnunuzi, yaliyoliwa mpaka mengine yakabaki kama kiganja. Nikayapanga chini ya miguu yake, moja juu ya jingine. Sikujua kwamba aliyachakaza mengi namna ile. Nyayo zake zilipogusa chuma aliyakanyaga kidogo, kuona kama yanamhimili.

"Nilibabeba mingi," akayaambia. "Leo munibebe."

Baba mdogo akacheka, cheko la kweli, akamwamkia kama mtu anavyomwamkia mkubwa wake. Sisi tuliobaki tukachukua majembe mapya tukaingia shambani, maana kazi ilikuwepo. Nilipofika mwisho wa mstari wa kwanza niligeuka kutazama mlangoni, na Mama alikuwa bado amekaa.