Wekundu Kati ya Nyota
Jioni moja tukianua maharage uani, mama aliniuliza kwa nini siku hizi mbinguni hakuna nyota. Nikatazama juu. Zilikuwa zimejaa kutoka mlima hadi mlima.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, juu kidogo ya Lushoto, miaka ile ya Ujamaa ambapo asubuhi tulifundisha watoto na jioni tukawafundisha wazazi wao kusoma. Mama alikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alimwambia bado mapema kumpasua, arudi nyumbani asubiri. Mimi kusubiri sikukujua. Mwalimu mmoja mgeni alipomaliza mkataba wake aliniachia kamera ya sinema iliyoweza kupiga picha moja moja, pamoja na filamu mbili za rangi. Nikajiambia: kama mama hazioni nyota kule juu, nitamletea ukutani, kubwa, mbele ya uso wake.

Usiku wa kwanza niliisimamisha kamera nyuma ya nyumba, karibu na mgomba, ikitazama bondeni. Kila picha niliiacha wazi dakika moja. Nilijifunika blanketi gubigubi, tochi na saa ndani yake ili mwanga usitoke, mkono mmoja kwenye waya wa kufyatulia. Nilikaa hivyo tangu saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri, nikitetemeka kwa baridi na kujiona mtaalamu.

Filamu ilisafishwa ng'ambo. Ilirudi kwa posta baada ya miezi, nikaitazama kwanza peke yangu darasani, kwa projekta ya shule na jenereta.

Mbingu ilizunguka. Sijui niseme vipi zaidi. Nilikuwa nikiwafundisha watoto kila mwaka kwamba dunia inazunguka, nikiwachapa waliosahau, kumbe mwenyewe sikuwa nimeamini. Usiku mzima ulipita kwa nusu dakika, nyota zote zikienda pamoja taratibu, moja baada ya nyingine zikizama nyuma ya mlima, na mimi nikashika dawati kama nitaanguka.

Lakini picha ilikuwa inaruka rangi. Mbingu nyeusi, mara nyekundu, mara nyeusi tena, hadi macho yanauma. Nilikasirika sana. Niliwalaumu watu wa posta kwamba waliianika juani. Nililaumu umande, halafu nikakumbuka kwamba umande hufifisha picha, haupaki rangi. Nililaumu mwezi, nao usiku ule haukuwepo.

Mwishowe nikaivuta filamu dirishani na kuikagua kwa kioo cha kukuzia, picha moja moja. Kila baada ya picha ishirini hivi, mbili zilikuwa nyekundu. Na katika hizo tu, pembeni chini, lilionekana jani la mgomba likiwa limemulikwa vizuri, hata mishipa yake. Mwanga ulikuwa umetoka nyuma yangu, upande wa mlango wa jikoni.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Usiku ule nilipokesha nje, ulitoka na kibatari?"

"Nilitoka," akasema, bila wasiwasi wowote. "Tangu lini mtu anaachwa nje peke yake usiku kama asiye na kwao? Nilikuwa nafungua mlango nakusikiliza. Nikisikia unakohoa, narudi."

Nilimweleza kwamba kibatari chake kimeniharibia nyota. Nilimweleza kwa sauti ya darasani, na mpaka leo naona aibu. Akasema hatakiwasha tena.

Usiku wa filamu ya pili alitoka bila taa, akipapasa ukuta, akaja kukaa chini karibu yangu na kushika ncha ya blanketi. Hakuingia ndani hadi kulipopambazuka. Kila baada ya muda aliniuliza nyota zimefika wapi, nami nikamwambia.

Filamu hiyo iliporudi ilikuwa safi. Nilimkalisha mama darasani, hatua mbili kutoka ukutani, nikawasha projekta. Nyota zilipita mbele yake kwa wingi ule wote. Ikaisha.

"Umeona, mama?"

"Anza basi," akasema.

Zilikuwa ndogo mno kwake. Nilirudia mara mbili, nikasogeza projekta, nikafuta lenzi ambayo haikuwa na kitu. Naye, kwa kunihurumia, akaanza kusema labda ameona kidogo. Hapo nilitaka kulia. Sikuwa na jingine la kumwonyesha, nikaweka ile filamu iliyoharibika.

Alishtuka. "Hiyo! Nimeiona hiyo! Na hiyo tena!" Mkono wake ulikuwa umeinuka kuelekea ukutani. "Ndiyo nyota?"

"Ni wewe, mama. Ni kibatari chako."

Aliangalia mpaka mwisho, wekundu ukimjia usoni na kuondoka, akicheka kidogo kila ulipokuja.

"Kumbe nilitoka mara nyingi hivyo?"

"Sijui, mama."

"Rudisha tuone."

Nikairudisha, tukahesabu pamoja kwa sauti. Alitoka mara ishirini na tatu.