Kamionete Isiyopakwa Rangi

Siku kamionete ya Shevrole, gari dogo la mizigo, ilipoingia Kindu ikivutwa na lori la mchele kutoka Tunda, Bulaimu alikuwa na miaka arobaini na sita. Hapakuwa na fundi wa magari mjini aliyeaminiwa kuliko yeye, wala aliyewaamini watu kidogo kuliko yeye. Mteja akileta gari, Bulaimu alilizunguka mara mbili mbele ya mwenyewe, akitaja kwa sauti kila kioo kilichopasuka na kila skurubu iliyokosekana, ili kesho asiambiwe ni yeye aliyeiondoa. Alifanya kazi peke yake. Akiulizwa kwa nini, alisema mikono yake miwili inamtosha kuichunga.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika garaji ya Mgiriki mmoja karibu na bandari. Serikali ilipowanyang'anya wageni maduka yao na kuyagawa kwa raia, garaji ile alipewa bwana mmoja aliyeshuka kutoka Kinshasa na sanduku moja la nguo. Haikupita miezi mitano, vyombo vikaanza kutoka kimoja kimoja. Jeki kubwa ilipopotea, mtu fulani alitaja jina la Bulaimu. Akakaa kizuizini siku tatu bila viatu, kisha wakamfungulia mlango bila kumwambia neno. Nani alimtaja? Walikuwa wafanyakazi saba pale. Bulaimu hakujua hadi leo, na kwa kuwa hakujua, aliwashuku wote saba. Baada ya hapo hakuona sababu ya kuishia kwa saba.

Mwenye Shevrole aliitwa Sikuli, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mtu wa kanisani na wa maneno machache, mwenye duka la chumvi, sabuni na vitenge karibu na soko. Mji mzima ulijua kwamba uwezo anao. Sasa mtu mwenye uwezo alikuwa ameleta kitu gani? Kamionete ya zamani za Wabelgiji, iliyoachwa na mwenye shamba na kulala miaka mingi ndani ya ghala la kukobolea mpunga, kuku wakitaga juu ya kiti. Bati lilikuwa limebonyea kila upande, na rangi ya kijani ilibaki hapa na pale tu, kama ukungu juu ya ukuta.

Sikuli alieleza anachotaka. Kila kitu cha chini kiwe kipya: motere, yaani injini, bwati ya vitesi, yaani giaboksi, ekseli ya nyuma, breki, usukani. Vyote ni vya Toyota, ameshavinunua Kalemie, na vinakuja na treni. Lakini cha juu kisiguswe. Fundi asinyooshe bati wala asipake rangi. Hata taa ya kushoto yenye kioo kilichopasuka iachwe hivyo hivyo, mradi iwake.

Bulaimu akakubali kazi, ila tangu saa ile moyo wake haukutulia.

Masanduku yalipofika, alikwenda mwenyewe gare, kituo cha treni, na kitambaa kilicholowa petroli. Akafuta motere pale pale jukwaani, akainama kusoma namba. Alitegemea kuikuta imekwanguliwa. Namba ilikuwa nzima, na ililingana na ile ya kwenye karatasi, yenye muhuri wa Kalemie na sahihi mbili. Jambo hilo lingemtuliza mtu mwingine. Bulaimu alirudi nyumbani akamwambia mkewe Salima kwamba mtu hatembei na karatasi safi kiasi kile bila sababu. Salima, aliyekuwa anapepeta mchele, akamwuliza kama angefurahi zaidi zingekuwa chafu.

Akaanza kupekua. Aligonga sakafu ya kamionete kwa nyundo, kipande kwa kipande, akisikiliza kama kuna mahali penye uwazi, maana alijua kwamba mawe ya thamani ya Pangi na Kabambare husafiri kwa njia nyingi. Akafungua kiti. Akaingiza mkono ndani ya milango hadi kwapani. Alipata pumba za mpunga na kijiko kimoja chenye kutu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuingia garaji ile bila kutazamwa mikono. Huyo alikuwa Kasimu, fundi wa kuchonga vyuma katika karakana ya reli. Walikuwa wamesoma chuoni pamoja, wakachapwa na mwalimu mmoja. Ilipoonekana kwamba shafti ya Toyota, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, haiendani na urefu wa Shevrole, ni Kasimu aliyeichukua. Aliikata na kuiunga kwa mashine ya reli saa sita mchana, wenzake walipokwenda kula, bila ruhusa ya mkubwa wake. Akairudisha juu ya baiskeli, imefungwa ndani ya gunia, akala wali na sombe kwa Salima, akasema hayo ndiyo malipo yake. Halafu akawa anapita kila jioni kuangalia motere ile ndogo, safi, ilivyokaa ndani ya kifua kipana cha gari la kale. Alisema ni kama mtoto aliyevaa koti la babu yake. Bulaimu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, siku zile alicheka.

Lakini swali lilibaki, na kazi ilipokaribia kwisha hakuweza kulibeba tena. Sikuli alipokuja kutazama, Bulaimu aliweka chini ufunguo wake wa nati.

"Baba Sikuli, mi nataka kujua. Juu ya nini motere mupya inafichwa ndani ya mabati haya ya zamani?"

Sikuli aliangalia barabara kwanza, pande zote mbili.

"Nilikuwa na gari mbili," akasema. "Ya kwanza walikuja kuikamata siku ya sikukuu ya chama, ibebe wachezaji wa animasio, zile ngoma za kusifu chama. Walisema siku mbili. Ilirudi kisha miezi tatu, bila bwati. Ya pili, ofisye mumoja wa jeshi aliipenda tu. Aliniambia, sitwayeni, raia mwenzangu, gari yako iko muzuri sana. Ile njo siku ya mwisho niliiona." Akaweka kiganja juu ya bati lililobonyea. "Hii hapa, mukubwa gani ataipenda?"

Bulaimu aliuokota ufunguo wake. Alikuwa ametafuta dhahabu, mawe, bunduki, na kumbe kilichofichwa ndani ya gari ni gari lenyewe. Akamheshimu Sikuli kuanzia hapo. Lakini hofu ikaja nyuma ya heshima. Siri sasa ilikuwa na watu watatu, kwa kuwa Kasimu naye, aliyeshika kila chuma chake, hakuhitaji kuelezwa.

Walipoijaribu kwenye barabara ya uwanja wa ndege, Shevrole ilipanda kilima kama haina mzigo wala umri. Sikuli alifurahi. Bulaimu hakufurahi, kwa sababu aliona wanawake wenye vikapu wanageuka baada ya gari kupita, si kabla. Gari la miaka ile husikika kutoka mbali. Hili lilikuja kimyakimya kama la mkubwa. Aliporudi garajini akatoboa bomba la moshi mahali patatu, akalegeza bati moja la mlango lipigepige. Kuanzia hapo ikakohoa inavyostahili.

Ijumaa asubuhi gari la jipu la zone, yaani la serikali ya wilaya, likasimama mbele ya garaji.

Akashuka Matata, dereva wa komiseri anayetawala zone, mtu mnene mwenye beji ya chama kifuani. Akaisalimia kamionete kwa kulipiga teke gurudumu lake. Akainama kutazama chini, kisha akasimama akajipangusa magoti.

"Sitwayeni Bulaimu, nasikia unafanya kazi kubwa hapa."

Bulaimu alijibu kwamba ni gari bovu tu, mwenyewe analionea huruma. Matata akauliza mwenyewe ni nani. Akauliza kilichotolewa ndani ni nini, na kiko wapi. Akatazama huku na huku, mpaka nyuma ya garaji, akacheka kidogo.

"Nitarudi Jumatatu," akasema. "Usiondoshe kitu hapa."

Jipu ilipoondoka, Bulaimu alikaa juu ya sanduku tupu la Kalemie akahesabu watu. Sikuli hawezi kujiuza mwenyewe. Yeye Bulaimu hakusema. Alibaki mmoja. Na mara alipomfikia huyo mmoja, mambo madogo yakajipanga yenyewe. Kasimu alikuwa amemwuliza juzi kwamba mwenye gari atalichukua lini. Kwa nini alitaka kujua? Alikataa malipo; mtu gani hukataa malipo, kama halipwi mahali pengine? Na huyo mdogo wake, si anafagia katika ofisi za zone? Bulaimu aliona jeki kubwa, aliona miguu yake bila viatu. Akasimama.

Alifika mlangoni mwa karakana ya reli wakati wafanyakazi wanatoka kula. Kasimu alimwona akatabasamu, akamjia.

"Umeniuza," Bulaimu akasema.

Kasimu hakuelewa. Bulaimu akapandisha sauti, na mbele ya watu kumi na zaidi akamwambia kwamba Matata amekuja, kwamba anajua kila kitu, na kwamba hakuna mwingine aliyeweza kumpelekea. "Na ile shafti ulikata na mashini ya reli kwa siri, saa sita, ile nayo uliwaambia?"

Kasimu hakumtazama Bulaimu tena. Alikuwa anamtazama kapita wake, msimamizi wa karakana, aliyesimama mlangoni nyuma yao na kofia mkononi, akisikiliza.

"Bulaimu," akasema kwa sauti ya chini, "unasema nini mbele ya watu?"

Kesho yake barua ilikuwa tayari. Kasimu aliondolewa kwenye mashine na kupelekwa Kibombo, kwenye kikosi cha njia, kubadilisha mataruma kwa mtaimbo na sururu. Mkewe na watoto wanne walibaki Kindu. Habari ilimfikia Salima sokoni kabla ya kumfikia mumewe, na alipoingia nyumbani hakuweka kikapu chini.

"Wakati walikufunga, ulikuwa unauliza kila siku nani alitaja jina lako," akamwambia. "Watoto wa Kasimu hawataulizia. Wao wanajua."

Bulaimu alimjibu kwamba angoje Jumatatu, ataona mwenyewe nani alikuwa mkweli.

Jumatatu Matata akaja kweli, na wanaume wawili na kamba. Akaipita Shevrole bila kuigeuzia shingo, akaenda moja kwa moja nyuma ya garaji, pale ilipokuwa imelala motere ya zamani, ile ya silinda sita waliyoitoa. Akaipigapiga kama mtu anayempapasa ng'ombe. Akaeleza kwa adabu kabisa kwamba mjomba wake huko Lubutu ana kinu cha kukoboa mpunga kinachoendeshwa na motere ya namna hii hii, na yake imepasuka. Watu wa lori la Tunda ndio waliomwambia kwamba Bulaimu anaivunja Shevrole. Aliogopa mwingine asimtangulie, ndiyo maana akaomba kisiondolewe kitu. Kama mwenyewe anakubali, atashukuru sana.

Hakuuliza kilichowekwa mahali pake. Haikumjia hata kichwani.

Bulaimu aliwasaidia kufunga kamba.

Mchana ule ule alikwenda kwa kapita. Akasema alisema uongo, hasira ilimpanda, shafti ile alikata mwenyewe kwa msumeno. Kapita alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba yeye si mtoto, na kwamba barua ikishapigwa muhuri haifutwi kwa maneno ya mtu wa nje.

Safari ya kwanza ya Shevrole ilikuwa ya kupeleka chumvi Kibombo, na Bulaimu akamwomba Sikuli ampakie. Walipita bariyeri tatu za ukaguzi. Katika ile ya pili askari walizunguka kamionete wakicheka, na mmoja akamshauri Sikuli anunue baiskeli. Hakuna aliyeitamani. Sikuli aliendesha akiimba kidogo wimbo wa kanisa. Bulaimu alisikia motere yake inavyokwenda vizuri, bila kosa hata moja, na hakupata raha yoyote.

Alimkuta Kasimu kando ya reli, amekaa juu ya rundo la mataruma, viganja vimefungwa vitambaa. Miaka ishirini mikono ile ilikuwa imepima chuma kwa unywele; sasa malengelenge yalikuwa yamepasuka. Bulaimu akamweleza yote bila kuficha: motere ya zamani, kinu cha Lubutu, ujinga wake. Akaomba msamaha.

Kasimu alikaza kitambaa kilicholegea kiganjani.

"Ungeniuliza," akasema. "Ungekuja kwangu, tunakaa, unaniuliza. Ningekwambia hapana, na ungeniona kwenye macho."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe. Mi siko na kinyongo. Lakini usikuje tena huku."

Hakumkaribisha kukaa. Hata hivyo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine anayerudi Kindu siku ile, alimpa chupa ya mafuta ya mawese ampelekee mkewe, akamwambia aseme kwamba yeye ni mzima. Bulaimu aliishika chupa ile mapajani njia nzima, asiiweke chini hata kwenye mashimo.

Kasimu alirudi mjini baada ya mwaka mmoja na nusu, lakini si kwenye mashine. Alifungua kibanda karibu na bandari, akawa anatengeneza baiskeli na cherehani. Mara kwa mara mtu alikuja garajini na chuma kidogo kinachohitaji mkono mwepesi, na Bulaimu alimwambia aende kule bandarini, amwulizie bwana mmoja anayejua, jina lake Kasimu. Aliwaomba wasiseme nani amewatuma. Huenda Kasimu alijua, kwa kuwa wateja wale wote walifika wakijua jina lake, na hakuna aliyesema alilisikia wapi.

Wakikutana njiani walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani na za watoto, kisha kila mmoja akashika njia yake.