Sindano Kwenye Barafu ya Sato

Saa nne asubuhi, Domitila Mashimba, muuguzi wa zahanati moja huko Nassa, wilayani Busega, anafungua boksi la samaki. Chini ya barafu, ndani ya mfuko wa nailoni, zimo sindano za mgonjwa wa saratani. Zimeganda zikawa mawe.

"Mwangaluka, nesi," anasalimia Nkwabi, mchuuzi wa sato, uso mkunjufu. "Kule hospitali ya mjini walisema tuziweke kwenye ubaridi. Tangu juzi naongeza barafu tu. Ubaridi sisi tunaujua."

Kwenye benchi ameketi mkewe, Kabula, kitenge kimefunika kichwa kilichopukutika nywele.

Dripu ya saratani aliyowekewa juzi mjini inapambana na ugonjwa, lakini inapunguza pia chembe nyeupe za damu, zile zinazomlinda mtu na maradhi. Sindano hizi huzipandisha tena. Huanza kuchomwa baada ya kupita siku nzima tangu dripu, moja kila siku. Zikiganda namna hii hazifai tena.

"Siwezi kukuchoma dawa iliyoharibika, mayu," Domitila anamwambia Kabula, akimwita mama kwa Kisukuma. "Sasa hivi hata kidonda kidogo kinaweza kukulaza."

Nkwabi anatazama sakafu. Sindano zile zilimeza mauzo yao ya mwezi mzima.

Hasira za Domitila haziko kwake. Ziko kwa aliyekaa kwenye dirisha la dawa kule mjini, akamkabidhi mchuuzi wa samaki dawa, akatamka "ubaridi" na kuita mwingine.

"Angemuuliza tu, 'Baba, utaziweka wapi?'" anasema. "Swali moja. Limemshinda."

Anapiga simu hospitali ya mjini. Anajibiwa kwamba mgonjwa arudi mwenyewe, apewe nyingine.

"Hana kinga, halafu apande basi lenye watu wanaokohoa? Mama yako ungempandisha?"

Sauti ya upande wa pili inasema, haya, mume aje.

Domitila anampa Nkwabi kibebeo cha chanjo. Anamfundisha kuacha pakiti ya barafu iyeyuke kidogo mpaka akiitikisa asikie maji yanacheza ndani, ndipo aiweke kwenye kibebeo, na dawa aizungushie kitambaa isigusane nayo.

"Na dawa yenyewe usiitikise kama kibuyu cha maziwa."

"Hapo nimeelewa," anasema Nkwabi. "Kumbe kuna ubaridi na ubaridi."

Kesho yake alasiri, Nkwabi amerudi na sindano mpya, na Domitila anabana ngozi ya tumbo la Kabula na kumchoma taratibu. Kabula anafumba macho, anayafumbua, anauliza kama ndiyo imekwisha.

"Imekwisha, mayu. Kesho tena."

Lakini kwa Domitila haijaisha. Anataka mgonjwa asiondoke dirishani mpaka aonyeshe kwa mikono yake atakavyoibeba dawa. Kabula akirudi kwa dripu nyingine, yeye ataomba ruhusa kazini amsindikize.

Boksi la Nkwabi bado liko kwenye kona ya zahanati. Domitila amekataza lisioshwe.

"Nitaliweka pale dirishani kwao, nilifungue," anasema. "Nataka walinuse."