Mishipa ya Bibi wa Kwedizinga

Hapa Handeni hakuna tabibu anayeijua mishipa ya tumbo kunizidi, na hilo silifichi. Juzi alikuja bibi wa Kwedizinga, anakohoa. Nilipomlaza na kulegeza nguo nimsikilize kifua, nikaona mistari ya buluu ikitambaa kutoka kitovuni. Nikawaita wanafunzi wote wa uuguzi.

“Tazameni! Njia ya damu kwenye ini ikiziba, damu hupita kwenye mishipa ya ngozi ya tumbo!”

Wakaandika kila neno. Nikapitisha pamba yenye spiriti, niubonyeze mshipa mnene kuliko yote. Mshipa ukahamia kwenye pamba.

“Rangi ya kaniki mpya hiyo, mjukuu wangu,” bibi akasema. “Nilijifunga tumboni, mvua ikanikuta njiani. Sasa ukimaliza kuniogesha, kikohozi changu je?”